Mgomba Uliovaa Koti

Aliyeushonea mgomba koti la sponji, lenye kola na zipu ya shaba, hakuwa mwendawazimu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo waliochungulia juu ya ukuta wakaenda kutangaza vinginevyo. Alikuwa fundi makochi wa miaka hamsini na minane, akili zake timamu, mikono yake mizuri kuliko ya fundi yeyote pale mtaani, na kila mtu alimwita Sponji, maana hajawahi kutoka karakanani bila vipande vya sponji nyweleni. Mke wake naye alimwita hivyo hivyo. Alikuwa akimsimamisha mlangoni kila jioni, anamchambua nywele kwanza, ndipo anamruhusu kuingia.

Mke huyo alifariki mwaka na nusu kabla ya haya ninayoyasimulia. Mungu hakuwajalia watoto. Nyumbani wakabaki watu wawili: Sponji na mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na sita aliyekuja kumuuguza binti yake akiwa na sanduku moja na shali mbili, akamuuguza miaka miwili, akamzika, kisha akabaki. Hakuna aliyemwambia aondoke. Hakuna aliyemwambia akae. Aliendelea tu kuamka wa kwanza na kuinjika chai, Sponji akaendelea kuikuta mezani, na siku zikapita.

Nyumba yenyewe ilikuwa upande wa juu wa mji, mahali ambapo baridi haina adabu. Miezi minne kwa mwaka maji ya ndoo huamka yameshika barafu juu, na watu hutembea wamejikunyata na kusalimiana kwa kifupi. Mbele, ikitazama barabara, ndiyo karakana: meza ndefu, cherehani mbili, marobota ya vitambaa, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo yakabaki mbao na springi. Nyuma yake sebule, vyumba viwili, jiko, na ua mdogo uliozungushiwa ukuta wa matofali pande tatu. Sebuleni palikuwa na kochi moja lililochanika mkono na kubonyea katikati. Mteja akiliona, Sponji husema ni la mtu, bado hajaja kulichukua. Lilikuwa lake.

Kila jioni ilikuwa hivi:

"Umeshindaje, Mama?"

"Salama, mkwe wangu. Kazi?"

"Kazi inakwenda."

Basi, mazungumzo yamekwisha. Si kwamba walinuniana. Walikuwa wameunganishwa na mtu mmoja, mtu huyo hayupo tena, na kila mmoja alimwonea mwenzake haya, asijue sasa wao kwa wao ni nini. Lakini Sponji alimpenda yule mama. Alipenda kumsikia akikohoa asubuhi, alipenda redio yake yenye mkwaruzo, alipenda hata namna anavyofunga milango kwa kishindo kwa vile masikio yake yameanza kuchoka. Jambo lililomtisha kuliko yote, na hakuwahi kumwambia mtu, ni kurudi jioni moja akute nyumba kimya.

Na jioni hiyo ilikuwa inakaribia. Mama alikuwa na mtoto mwingine mmoja tu, wa kiume, msimamizi wa ghala katika mji mkubwa wenye joto, anayeishi ghorofa ya saba na mke na watoto watatu. Huyo shemeji wa Sponji alipiga simu kila Jumapili. Mama huweka simu kwenye sauti ya juu kwa ajili ya masikio yake, kwa hiyo Sponji, aliyekuwa jikoni akijifanya anaosha vikombe, alisikia kila neno.

"Mama, huko unakaa kwa nani? Dada hayupo tena."

"Nakaa na mkwe."

"Mkwe si mtoto. Mimi ndiye mtoto. Nije nikuchukue lini?"

"Tutaona, baba. Tutaona."

Shemeji hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Alikuwa mtoto anayetaka mama yake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ndiyo maana Sponji alishindwa kusema. Angesemaje? Mjane wa kiume, hana mtoto, kochi lake limebonyea, amwambie bibi wa watu aache joto na wajukuu na lifti, abaki naye kwenye baridi? Kila alipofungua mdomo ulimi ulikuwa mzito, na maneno yaliyotoka ni kuuliza kama sukari bado ipo.

Siku moja, miezi ya joto ikianza, alimkuta Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni anautazama ule ua mtupu.

"Kwetu," Mama alisema, bila kuulizwa, "huwezi kuiona nyumba ya jirani kwa migomba. Hapa naona matofali tu."

Hayo tu. Akaingia ndani kukatakata vitunguu. Lakini Sponji alilichukua neno hilo akaenda nalo karakanani, akakaa nalo siku nzima mpaka akapigilia misumari upande usiofaa wa kiti. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mama wa miche, yule anayepanga makopo yake kando ya barabara karibu na kituo cha mafuta, akamwambia anataka mgomba.

"Hapa?" mama wa miche alimtazama juu mpaka chini. "Unataka kuupanda au kuuadhibu?"

"Kuupanda."

"Umewahi kupanda nini?"

Sponji alifikiri. Alikuwa hajawahi kupanda kitu.

Ikawa bahati yake, au tuseme ilionekana ni bahati, kwamba mama wa miche alikuwa nayo migomba miwili ya aina inayovumilia baridi, ameipata kwa mtu anayeikuza milimani. Alimweleza vizuri, bila haraka. Huu hauzai ndizi za kula. Ukizaa ni vidole vya mtoto vilivyojaa mbegu. Huu ni wa kutazama. Ukija msimu wa baridi kali majani yote yatakufa, yatakuwa meusi, na wewe usiangue kilio. Uhai wake uko chini, kwenye tunguu, ile sehemu nene iliyozama udongoni. Tunguu likibaki kavu na limefunikwa, joto likirudi linachipua. Kwa hiyo baridi ikianza kata majani, lundika nyasi kavu mguuni mpaka usawa wa goti, zungushia wavu, jaza majani makavu kulizunguka shina, weka kifuniko juu mvua isiingie.

"Lakini upumue," alisema. "Umenisikia, fundi? Mgomba ni maji matupu. Ukiuziba hewa, maji yanaozea ndani kwa ndani."

Sponji aliitikia kwa kichwa. Aliitikia namna ambavyo fundi huitikia anapoelekezwa na fundi wa kazi nyingine: nusu amesikia, nusu ameshaanza kufikiria namna yake mwenyewe itakayokuwa bora zaidi.

Siku ya kupanda alichimba shimo ambalo ungeweza kuzika kochi la watu watatu. Akamimina samadi nusu gunia, akausimamisha mgomba katikati, ukalala upande. Akausimamisha tena, ukalala upande wa pili. Mama alitoka jikoni, akamtazama kwa muda, akavua shali akaitundika mlangoni.

"Nani kakwambia uuweke katikati ya ua? Katikati upepo unapiga kila upande. Uweke pale kwenye kona, ukuta unashika jua la mchana. Na rudisha udongo huo, unachimba kisima?"

Wakahamia kwenye kona. Mama alishika shina, Sponji akafukia, kisha Mama akaukanyaga udongo kuzunguka kwa kisigino, kidogo kidogo, kama aliyewahi kufanya hivyo mara elfu, na kweli aliwahi. Alipoambiwa kwamba huu hauliwi alisimama.

"Mgomba usioliwa?"

"Ni wa kutazama, Mama."

"Haya," alisema. "Tutautazama." Na akacheka, na Sponji akagundua kwamba tangu msiba hajawahi kusikia kicheko chake.

Mgomba ule ulikuwa na haraka. Jani jipya kila wiki, limeviringwa kama karatasi, kisha asubuhi moja unalikuta limefunguka. Ulipofika kifuani Sponji alitoa viti viwili vya kukunja akaviweka uani. Wakawa wanakaa pale jioni, na mazungumzo, ambayo mezani yalikuwa na maneno manane, pale kwenye mgomba yalianza kunyooka. Mama alieleza jinsi binti yake alivyokuwa mdogo na kichwa kigumu, jinsi alivyowahi kukata jani bichi la mgomba wa watu ajikinge mvua, akachapwa, na kesho yake akakata lingine. Sponji naye alieleza jinsi alivyokutana naye: binti huyo alileta kiti kimoja kutengenezwa, akakikagua kilipokamilika, akasema mshono umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Walicheka mpaka Mama akajifuta macho, na wala hawakuoneana haya kwamba machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mgomba ukapita ukuta. Shemeji akapiga simu.

"Mama, nije mwezi huu? Kabla barabara za huko hazijaharibika."

"Mwezi huu haiwezekani. Kuna mgomba hapa. Baridi inakuja, na mkwe wangu hajui kuutunza, atauua. Njoo baridi ikiisha."

"Mgomba, Mama?"

"Mgomba."

Jikoni Sponji alishika kikombe kile kile dakika tano. Moyo ulimpanuka, na papo hapo akili yake ikaanza kumtungia mambo. Alijiambia hivi: mgomba ukivuka baridi, Mama atabaki. Mgomba ukifa, atakwenda. Nani kasema? Hakuna. Alijitungia mwenyewe, kwa sababu kutunga kulikuwa rahisi kuliko kuuliza, akaamini kama kaandikiwa na hakimu.

Kwa hiyo baridi ilipobisha hodi, aliona suala la nyasi kavu ni dharau. Nyasi ni za mbuzi. Mti uliobeba mambo mazito namna hii huwezi kuuvisha nyasi wakati karakanani kuna sponji ya inchi mbili, daraja la kwanza. Alichukua tepu akaupima: kimo, kiuno juu, kiuno chini. Siku tatu hakugusa kazi ya mtu. Alikata sponji, akaweka bitana ya blanketi kwa ndani, na kwa nje ngozi bandia ya kahawia iliyobaki kwenye viti vya daktari wa meno. Akapitisha mshono maradufu na ukanda wa pembeni kama wa kochi la heshima. Fundi saa, mwenye kibanda mkabala na karakana, alivuka barabara kuja kuona.

"Nani anashonewa koti refu hivi? Mbona halina mabega?"

"Mwenyewe hana mabega."

"Nani huyo?"

"Mgomba."

Fundi saa alitoa lenzi jichoni, akalizunguka koti, akapapasa kola. "Na viatu je?" aliuliza. "Au atavaa vya kwako?"

Cheka nawe ukitaka, lakini lilikuwa koti zuri. Mama mwenyewe alipoliona limefungwa zipu kutoka chini mpaka juu, limeukaa mgomba barabara bila kunjo hata moja, alipitisha kiganja kwenye mshono.

"Unapumulia wapi?" aliuliza.

"Kolani, Mama. Nimeacha wazi kidogo."

Mama alimtazama mkwe wake, jinsi alivyosimama pale na uzi begani, ana furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Akasema, "Umeshona vizuri."

Umande wa kwanza wa barafu uliyachoma majani, yakawa meusi, na Sponji aliyakata kama alivyoelekezwa na wala hakuangua kilio. Kisha zikaja mvua. Mvua za kule hazipigi kelele. Zinanyesha nyembamba, siku nne, siku tano, zinaingia kila mahali. Ziliingia kwenye kola. Ziliingia kwenye matundu ya sindano ya ule mshono maradufu. Na sponji ikafanya kile ambacho sponji hufanya: ikanywa. Mtu huyu alikuwa na miaka thelathini na minne ya kuwagombeza wateja walioacha makochi yao kwenye mvua. Alikuwa na hotuba nzima kuhusu jambo hilo, anaitoa akiwa amesimama, kidole juu. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba hotuba ile inamhusu.

Katikati ya baridi, Jumamosi asubuhi, alifungua zipu shubiri moja ili aone mgomba wake unavyojisikia. Harufu ilimpiga usoni. Alisogeza kidole kwenye shina, na kidole kikaingia, kikaingia mpaka kifundo cha pili bila kukutana na chochote kigumu. Kilipotoka kilifuatwa na maji ya rangi ya chai.

Nyuma yake, dirishani mwa jiko, Mama alikuwa anasuuza masufuria. Sponji alijisogeza mgongo wake ukinge, akafunga zipu taratibu, akajifuta kidole kwenye suruali.

"Vipi?" Mama aliuliza kutoka dirishani.

"Uko vizuri," alisema Sponji. "Umelala tu."

Tangu siku hiyo mtu wa watu alikonda. Chakula hakipandi, kazi haiendi, kiti cha mteja mmoja alikivisha kitambaa nje ndani. Kila asubuhi aliamua kwamba leo atasema, na kila jioni aliahirisha. Harufu ilipoanza kumshinda alichukua ile dawa ya kunukia anayopulizia makochi makuukuu kabla mwenyewe hajaja, akaipuliza kolani kila siku kabla ya chai.

"Mgomba wako siku hizi unanukia bwana harusi," Mama alisema.

"Ni hewa ya asubuhi, Mama."

"Aa."

Na Jumapili alisikia simu, akiwa jikoni, mikono ndani ya maji ya baridi.

"Unaendelea vizuri, baba. Unajikaza. Usije kwanza, baridi bado."

Jumapili iliyofuata vile vile. Mgomba unajikaza. Sponji aliinamisha kichwa juu ya beseni. Sasa alikuwa amemfanya bibi mzima, aliyekula chumvi yake ikamtosha, amwambie mwanawe uongo bila kujua. Aliona aibu. Lakini alinyamaza, kwa sababu kila Jumapili ya uongo ilikuwa wiki nyingine ya kikohozi asubuhi na milango ya kishindo, na alizitaka wiki hizo kuliko alivyoutaka ukweli.

Baridi haikumsubiri. Ilikwisha, kama inavyokwisha kila mwaka. Ndoo ikaamka haina barafu, watu wakaanza kusalimiana kwa kirefu, na Jumapili moja saa nne asubuhi shemeji akashuka kwenye gari la kukodi mbele ya karakana. Mtu mkubwa, shati jeupe, ameleta blanketi la zawadi. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Alimkumbatia Sponji pia, akampigapiga mgongoni, akamwambia, "Shemeji, Mungu akulipe. Umemtunza mama yangu."

Sanduku la Mama lilikuwa mlangoni. Alilifunga mwenyewe siku iliyotangulia, na Sponji alilipita mara nane akijifanya hajaliona. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya safari. Walikunywa chai. Shemeji alikaa kwenye lile kochi, akazama katikati, magoti yakamfika kidevuni, akavumilia kwa adabu.

"Haya," alisema akiweka kikombe. "Nionyesheni huo mgomba ulionizuia miezi minne."

Wakatoka uani watatu. Shemeji alipoliona koti alisimama, akafunika mdomo, akashindwa, akacheka. "Lina kola," alisema. "Mama, lina kola kweli. Hebu fungua tuuone."

Sponji alishika zipu. Alitaka kusema jambo kabla. Badala yake akavuta. Zipu ilishuka nusu ya njia. Shina likajikunja kiunoni, taratibu, likaketi ndani ya koti, na maji ya rangi ya chai yakamwagika kwenye viatu vya shemeji. Harufu ikatoka, nusu uozo, nusu bwana harusi.

Shemeji alirudi hatua moja nyuma.

"Umekufa lini huu?" shemeji aliuliza.

"Muda kidogo, shemeji," Sponji alisema, macho chini. "Una wiki saba. Nimewaficha. Mama, nisamehe, wiki saba nakudanganya."

"Tisa," Mama alisema.

Sponji aliinua kichwa.

"Wiki tisa. Nilifungua mimi kabla yako, siku ile umekwenda kununua gundi. Nimelala kwenye migomba tangu tumboni mwa mama yangu, nitashindwa kujua harufu ya mgomba uliooza?"

"Lakini Mama," shemeji alisema, "kila Jumapili uliniambia unaendelea vizuri."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia umekufa ungekuja kesho yake."

Mama aliinama, akachukua kijiti, akachokoa udongo mguuni pa mgomba, akabonyeza kwa kidole gumba. Chini palikuwa pagumu.

"Utachipua?" shemeji aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Wa kwetu ningekwambia hapa hapa. Huu wa baridi sijawahi kuupanda, nami najifunza tu. Labda utachipua, labda hautachipua."

"Basi, Mama," alisema mwanawe, kwa upole kabisa. "Hakuna tena cha kungoja. Twende."

Mama aliweka kijiti chini. Alijifuta mikono. Sponji aliona anageuka kuelekea mlangoni, na akajua kwamba sasa hakuna koti, hakuna mgomba, hakuna baridi ya kumsemea. Kilichobaki ni mdomo wake.

"Mama, usiende," alisema.

Sauti ilitoka vibaya, ikabidi akohoe aanze upya.

"Usiende. Najua sina haki. Shemeji ndiye mtoto, na kwake kuna joto, na hapa unaona palivyo. Lakini nikirudi jioni nataka kukukuta. Si kwa ajili ya chai, chai najua kupika. Nataka kukukuta wewe. Nilitaka kukwambia tangu mwaka jana, nikaona bora nipande mgomba."

Mama aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. "Mwaka mzima," alisema. "Nyumba si yangu, mkwe wangu. Nisingeweza kujikaribisha mwenyewe. Nilikuwa nangoja uniambie, na wewe kila jioni unaniuliza sukari."

"Na mimi je, Mama?" shemeji aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Mtu mkubwa vile, shati jeupe, viatu vimelowa, alionekana mdogo.

Mama alimvuta mkono akamketisha karibu naye kwenye kizingiti.

"Wewe ni mwanangu, na hilo halina mjadala. Baridi ikirudi utanifuata. Nitakaa kwako miezi yote minne, nicheze na wajukuu, nipashe mifupa, nipande na hiyo lifti. Halafu ikiisha utanirudisha nyumbani."

Sponji alikuwa analia waziwazi, bado ameshika zipu. Shemeji alifungua mdomo aulize nyumbani wapi. Lakini mama yake alikuwa ameshavua viatu vya safari, amevisukuma kando ya kizingiti, na anainuka kwenda kuinjika maji mengine ya chai.